Selimundu Ina Tiba, kwa Shilingi Bilioni Tano

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanaume 30 wa Kijaluo nchini Kenya waliambukizwa malaria kwa makusudi. Aliyewaambukiza alikuwa daktari kijana, Anthony Allison, Mzungu aliyekulia Kenya na kusomea Oxford. Mwaka 1949, akiwa katika msafara wa chuo hicho kwenda Mlima Kenya, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali na kukuta jambo lililomshangaza. Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbu wengi, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, hakufika hata mmoja katika mia. Jeni inayoua watoto iliwezaje kuenea hivyo, tena mahali fulani tu? Allison akahisi kwamba jibu ni malaria. Akachukua wanaume 15 wenye nakala moja ya jeni hiyo na 15 wasio nayo, akawapa wote vimelea. Miongoni mwa wasio nayo, 14 walikutwa na malaria kwenye damu. Miongoni mwa wenye nayo, ni 2 tu.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Anayerithi nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali, na anayerithi nakala mbili, moja kwa baba na nyingine kwa mama, huugua. Mfano huo sasa umo katika vitabu vya biolojia duniani kote. Ripoti inawataja wale wanaume kuwa watu waliojitolea, na si zaidi sana ya hapo. Majaribio ya kuambukiza malaria kwa makusudi bado yanafanyika, hata Kilifi, lakini siku hizi hupitia kwanza kwenye kamati ya maadili, na anayeshiriki huelezwa kinachomngoja kabla ya kutia saini.

Sehemu kubwa ya maarifa kuhusu ugonjwa huu, basi, ilitoka katika damu ya watu wa Afrika Mashariki. Tiba ilipopatikana, ilipatikana kwingine. Desemba 8, 2023, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tiba mbili za jeni kwa selimundu siku moja. Ya kwanza, Casgevy, ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5 za Tanzania. Ya pili, Lyfgenia, ilitangazwa kwa dola milioni 3.1.

Kwa ugonjwa wenyewe, hakuna haja ya kumweleza sana mzazi wa Mwanza, Kisumu au Kinshasa. Selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyoiita, hutokana na herufi moja tu ya DNA iliyobadilika katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Mwaka 1956, Vernon Ingram wa Cambridge alionyesha kwamba tofauti kati ya himoglobini nzima na ile ya mgonjwa ni kiungo kimoja tu cha protini hiyo. Kosa hilo dogo linatosha. Oksijeni inapopungua, chembe nyekundu hukakamaa na kujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa kabla ya wakati wake. Mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, maambukizi ya mara kwa mara, na wakati mwingine kiharusi angali mtoto wa shule ya msingi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi duniani, ikikadiriwa kuwa na watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Pasipo uchunguzi wa mapema na matunzo, zaidi ya nusu ya watoto kama hao hawafikishi miaka 5.

Kidokezo cha tiba kilitoka kwa watoto wachanga. Mwaka 1948, Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn, New York, alibaini kwamba watoto wachanga wenye kasoro hiyo huwa na chembe chache sana za umbo la mundu katika miezi ya mwanzo. Sababu ni kwamba mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyo na kasoro, na huzaliwa nayo. Baada ya miezi kadhaa mwili huiacha na kuanza kutengeneza ile ya ukubwani. Hapo ndipo vidole vinapovimba, macho yanageuka manjano, na mama anaanza safari zake za hospitali. Wapo pia watu, kwa mfano mashariki mwa Saudi Arabia, wenye nakala mbili za jeni ya selimundu ambao ugonjwa wao ni mwepesi, kwa kuwa miili yao iliendelea kutengeneza himoglobini ile ya utotoni hadi ukubwani.

Swali likawa: ni nini kinachoizima himoglobini hiyo? Mwaka 2008, maabara ya Stuart Orkin mjini Boston ilionyesha kuwa swichi yenyewe ni jeni iitwayo BCL11A. Miaka minne baadaye, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier wakaeleza jinsi ya kutumia CRISPR, mfumo ambao bakteria huutumia kuvikatakata virusi vinavyowashambulia, ili kukata DNA mahali hasa anapopataka mtafiti. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Ukiikata BCL11A ndani ya seli zinazotengeneza damu, himoglobini ya utotoni inarudi kazini.

Mgonjwa wa kwanza nchini Marekani kutibiwa selimundu kwa njia hiyo alikuwa Victoria Gray, mama kutoka Forest, mji mdogo wa Mississippi. Alirudishiwa seli zake zilizohaririwa Julai 2019, hospitalini Nashville. Kabla ya hapo maisha yake yalikuwa ya kulazwa na kuongezewa damu. Machi 2023 alisafiri hadi London akasimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa kuhariri jeni, akiwa mzima, kuwasimulia yaliyompata. Si yeye peke yake. Katika utafiti uliotumika kuombea kibali cha Casgevy, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa vya kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Kwa mtu aliyezoea kulazwa mara kadhaa kwa mwaka, takwimu hiyo ina uzito wake.

Ila isidhaniwe kwamba ni sindano moja na kwaheri. Mgonjwa hupewa kwanza dawa ya kuzitoa seli shina kwenye uloto wa mifupa ziingie katika damu, kisha mashine huzichuja, pengine kwa awamu kadhaa. Seli husafirishwa kwa ndege hadi kiwanda maalumu, zikahaririwa na kupimwa. Kazi hiyo yaweza kuchukua hadi miezi sita. Zikiwa tayari, mgonjwa hupewa dawa kali ya kemotherapia iitwayo busulfani ili kuua seli shina zilizobaki na kuzipa nafasi zile mpya. Nywele hudondoka, mdomo hujaa vidonda, na kwa wiki kadhaa mwili hauna kinga ya kutajika, hivyo hulazwa katika chumba cha peke yake. Busulfani inaweza pia kuharibu uzazi. Marekani na Ulaya, wagonjwa hushauriwa kugandisha mayai au mbegu zao kabla ya matibabu. Katika jamii ambamo mwanamke huulizwa habari za mtoto kabla sherehe ya harusi haijasahaulika, hilo si jambo la kuandikwa kwa herufi ndogo chini ya fomu.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: tiba hii haiondoi jeni ya selimundu. Inaiacha ilipo na kuamsha nyingine. Na kwa kuwa inagusa seli za damu tu, mtu aliyepona bado humrithisha mtoto wake jeni ileile. Akioana na mwenye nakala moja, uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni nusu kwa nusu, kama vile hakuwahi kutibiwa. Vipimo kabla ya ndoa havijapitwa na wakati.

Imani na tiba ya jeni haikujengwa mara moja, na iliwahi kuvunjika vibaya. Septemba 1999, Jesse Gelsinger, kijana wa miaka 18 kutoka Arizona, alifariki siku nne baada ya kudungwa virusi vilivyobeba jeni katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Alikuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi, lakini hakuwa mahututi; alikuwa akiumudu kwa dawa na mlo maalumu. Alijitolea ili watoto wachanga wenye hali mbaya kuliko yake wapate faida. Uchunguzi ulibaini kwamba fomu aliyotia saini haikueleza kuwa nyani waliopewa tiba ya namna hiyo walikufa, wala kwamba washiriki waliomtangulia walipata madhara makubwa. Mkuu wa utafiti, James Wilson, alikuwa na hisa katika kampuni iliyokuwa na maslahi katika kazi hiyo. Mwaka 2005 chuo kilikubali kuilipa serikali zaidi ya dola 500,000 kumaliza shauri hilo. Kilichomponza kijana yule kilikuwa sayansi changa, lakini pia taarifa zilizofichwa, na taarifa zingeweza kutolewa hata kabla sayansi haijakomaa.

Paris nako, katika hospitali ya Necker, Alain Fischer na Marina Cavazzana waliwatibu watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili. Wengi walipona kweli. Kisha, kuanzia mwaka 2002, baadhi yao wakapata saratani ya damu, kwa kuwa virusi vilivyotumika kubeba jeni vilijipachika karibu na jeni inayochochea saratani na kuiamsha. Tangu hapo virusi vya kubebea jeni vimeboreshwa sana, ila hofu haijaisha: Lyfgenia, inayotumia virusi badala ya CRISPR, iliidhinishwa ikiwa na onyo kali kuhusu saratani za damu. Mwaka 2025, baadhi ya wagonjwa waliopewa Elevidys, tiba ya jeni kwa ugonjwa wa kudhoofika misuli, walifariki kwa ini kushindwa kufanya kazi. Daktari anayemwambia mzazi kwamba tiba ya jeni ni salama kabisa anasema asichokijua.

Wengi wakisikia neno jeni hufikiria watoto wa kutengenezwa maabara. Hilo nalo lilitokea. Novemba 2018, He Jiankui wa Shenzhen, China, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao alihariri jeni zao wakiwa viinitete, akidai kuwakinga na virusi vya UKIMWI. Hawakuwa wagonjwa, na njia salama za kumkinga mtoto na maambukizi ya baba zilikuwapo tayari. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Tofauti kati ya kazi yake na aliyofanyiwa Victoria Gray ni kwamba mabadiliko ya Gray yataondoka naye, lakini ya mapacha yanaweza kurithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa. Na kwa selimundu kuna la kuongeza. Mwenye ndoto ya kuifuta jeni hii kwenye ukoo wote wa binadamu akumbuke matokeo ya Allison: mahali ambapo malaria bado inaua watoto, nakala moja ya jeni hiyo ni ngao.

Hata hivyo, kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kuhoji iwapo binadamu anajifanya Mungu ni kukimbilia mwisho wa foleni na kuacha swali lililo mlangoni: nani atatibiwa?

Nchi tajiri zenyewe zinahangaika na bei. Wakala wa Uingereza unaopima thamani ya dawa ulisita kwanza kuipendekeza Casgevy kwa selimundu, ukakubali Januari 2025, na ikatarajiwa kwamba watu wapatao 50 kwa mwaka wangetibiwa England. Marekani imeanzisha mpango ambamo malipo ya serikali hutegemea matokeo: dawa isipofanya kazi kama ilivyoahidiwa, mtengenezaji anarudisha sehemu ya fedha. Bahrain na Saudi Arabia, ambako selimundu ni ugonjwa wa nyumbani, hazikungoja: Bahrain iliidhinisha Casgevy siku chache kabla ya Marekani, na Saudi Arabia wiki chache baada yake. Zina wagonjwa na zina mafuta.

Kwa wasio na mafuta, kampuni moja iliwahi kujaribu bahati nasibu. Mwishoni mwa mwaka 2019 Novartis, yenye tiba ya jeni iitwayo Zolgensma kwa watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli ya uti wa mgongo, ilitangaza kutoa dozi zipatazo 100 kwa mwaka bila malipo kwa nchi ambazo dawa haijaidhinishwa, na watoto wangechaguliwa kwa kura. Ugonjwa huo hausubiri. Mtoto anayekosa kura mara mbili tatu huenda asiwepo ya nne. Vyama vya wazazi vililalamika. Kampuni ikajibu kwamba dozi ni chache na kura haipendelei mtu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini uchache wenyewe nao ulitokana na maamuzi ya watu.

Je, Afrika Mashariki iko tayari kiasi gani? Kuliko wengi wanavyodhani, na pungufu ya inavyotakiwa. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, katika mpango ulioanzishwa na Profesa Julie Makani na wenzake. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023, na upandikizaji huo unahitaji vyumba vilevile, dawa zilezile na wauguzi walewale ambao tiba ya jeni ingewahitaji. Tofauti ni kwamba upandikizaji hutaka ndugu wa damu anayelingana na mgonjwa, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana naye. Wengi hawampati.

Wakati huohuo, kuna dawa ya kumeza inayojulikana kwa miaka mingi, haidroksiyurea, ambayo nayo huongeza himoglobini ya utotoni, ingawa si kwa nguvu ya CRISPR. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, na kutolewa mwaka 2018, uliwapa dawa hiyo watoto 606. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria kwa nusu hivi, na vifo kwa takriban theluthi mbili. Hakuna kiwanda wala chumba maalumu kilichohitajika. Bado watoto wengi katika nchi hizohizo hawaipati, na wengi hawapimwi wanapozaliwa, hivyo hufa mama akiambiwa ni malaria au homa ya mapafu. Serikali inayoweka picha za mashine mpya magazetini huku zahanati hazina kipimo cha selimundu wala penisilini ya mtoto inastahili kuulizwa.

Lakini wapo wanaoigeuza hoja hiyo kuwa kufuli: Waafrika wangoje, wamalize kwanza mambo ya msingi. Hayo yalishasemwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, na wataalamu wenye heshima zao walisema haziwezekani Afrika. Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka. Leo mamilioni ya Waafrika wanazimeza kila siku na zinagharimu chini ya hapo. Aliyetangulia kusema haiwezekani alikuwa anasoma bei iliyobandikwa, akaidhani ni sheria ya maumbile.

Mlinganisho huo una kikomo, na ni vizuri kukisema. Kidonge kinaweza kunakiliwa na kutengenezwa kwa mapipa. Casgevy hutengenezwa upya kwa kila mgonjwa, kutokana na seli zake mwenyewe, kwa hiyo hata hataza zikifutwa kesho, gharama ya maabara, kemotherapia na wodi itabaki. Ndiyo maana watafiti wengi wanaelekeza nguvu kwenye tiba inayohariri jeni ndani ya mwili, kwa sindano, bila kutoa seli nje na bila busulfani. Oktoba 2019, taasisi za taifa za afya za Marekani na Mfuko wa Gates ziliahidi angalau dola milioni 200 kutafuta tiba za namna hiyo, kwa selimundu na virusi vya UKIMWI, zitakazowezekana katika nchi maskini. Dalili kwamba si ndoto ilionekana mwaka 2025 huko Philadelphia. Mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini, unaouacha mwili ujae amonia, alitengenezewa tiba ya kuhariri kosa lake mwenyewe ndani ya miezi michache tu, akadungwa, na hali yake ikaboreka. Ini hufikiwa kirahisi kwa sindano. Uloto ni mgumu zaidi, na hapo ndipo kazi ilipo.

Sindano hiyo ikipatikana, majaribio yatakuja Afrika, kwa kuwa ndiko waliko wagonjwa. Hapo maadili yatatoka vitabuni. Wanigeria hawajasahau Kano, mwaka 1996, ambako Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na familia zikadai hazikuelezwa kwamba ni majaribio. Shauri na serikali ya jimbo lilimalizwa mwaka 2009 kwa makubaliano ya dola milioni 75. Kamati za maadili za Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kinshasa zitakaposhika makabrasha ya tiba ya jeni, zitakuwa na mambo ya kudai kabla mtoto wa kwanza hajadungwa: maelezo kwa lugha anayoielewa mzazi, madhara ya wanyama na ya binadamu yakiwemo; bei ya dawa katika nchi husika iwapo itafanikiwa, iandikwe kwenye mkataba; na ni nani atakayelipia hospitali mshiriki akipata saratani miaka kumi baadaye.

Hilo la mwisho ni zito kuliko linavyosikika. Kwa kuwa madhara ya kuhariri jeni yanaweza kuchelewa, mamlaka ya Marekani hutaka waliotibiwa wafuatiliwe hadi miaka 15. Kampuni hufilisika au kuuzwa ndani ya muda huo: bluebird bio, iliyotengeneza Lyfgenia, iliondoka Ulaya mwaka 2021 baada ya kushindwa kuelewana na serikali kuhusu bei ya tiba yake nyingine, na mwaka 2025 ikanunuliwa na kampuni za uwekezaji. Mafaili ya wagonjwa hayana budi kukaa mahali pasipouzwa. Kliniki ya Muhimbili, iliyowafuatilia wagonjwa wake tangu 2004, ikijua nani alihamia Morogoro na nani alibadilisha namba ya simu, tayari inaifanya sehemu hiyo ya kazi.